Faili la Mgonjwa na Mikono Inayolishika



Katika ukurasa huu wa afya tumezoea kuzungumza juu ya malaria, lishe ya watoto, uzazi na magonjwa ya kuhara. Leo tunawaomba mtazame upande mwingine wa hospitali, upande ambao wengi wetu tunaupita bila hata kumwangalia vizuri mtu aliyeketi ndani. Tunazungumza juu ya dirisha la kadi, au mapokezi kama wengine wanavyoita, na juu ya chumba kile kilicho nyuma yake chenye rafu zilizojaa mafaili hadi darini.

Tuchukue mfano wa mama mmoja wa kijijini katika wilaya ya Butiama. Mtoto wake ana homa na kikohozi, wiki ya tatu sasa. Mama anaanzia kwenye zahanati ya kijiji akiwa na kadi ya kliniki ya mtoto, ambayo ameitunza ndani ya mfuko wa nailoni pamoja na kanga na chupa ya uji. Mganga anaandika, muuguzi anaandika, kadi inarudi mkononi mwa mama. Hali ya mtoto haibadiliki, hivyo anapewa barua ya rufaa aende Musoma. Ndani ya gari anaishika ile barua kwa mkono uleule anaompangusia mtoto kamasi. Akifika hospitali anaipitisha dirishani. Karani anaipokea, anaikunjua, anauliza jina, umri na kijiji, anafungua faili. Faili linakwenda kwa daktari, linakwenda maabara, linarudi kwa daktari, linakwenda wodini na kulala juu ya kitanda cha mgonjwa, kisha siku ya kuruhusiwa linarudi masjala. Ugonjwa ukiwa mzito zaidi, inaandikwa barua nyingine ya kwenda Bugando, Mwanza, hospitali ile ya Kanisa iliyofunguliwa mwaka 1971 na ambayo wagonjwa wengi wa kanda yetu ya ziwa huishia huko.

Tukihesabu, karatasi za mtoto huyu zimepita katika mikono ya watu wasiopungua kumi. Je, ni wangapi kati yao waliovaa glovu? Pengine muuguzi na mtaalamu wa maabara. Je, ni wangapi walionawa mikono baada ya kuzishika? Na je, ni nani kati yao aliyemkaribia mgonjwa kabla ya wote, wakati hakuna bado anayejua mtoto anaumwa nini? Ni karani wa dirishani.

NI AKINA NANI HAWA?

Hospitali, vituo vya afya na zahanati katika nchi yetu hutunza habari za wagonjwa kwa utaratibu uitwao MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya, ulioenezwa nchini katika miaka ya 1990. Vile vitabu vikubwa mnavyoviona juu ya meza ya muuguzi ndivyo vitabu vya MTUHA. Katika hospitali kubwa, kama zile za Musoma na Bunda, wapo makarani na watunza kumbukumbu ambao kazi yao ni hiyo tu. Katika zahanati zetu za vijijini mambo ni tofauti. Muuguzi yuleyule aliyesafisha kidonda ndiye anayejaza kitabu, na siku ya kliniki ya watoto, foleni ikiwa ndefu, mhudumu anayefagia huitwa kusaidia kutafuta kadi.

Watu hawa wengi ni watoto wetu wa parokiani. Kijana amemaliza kidato cha nne, amesoma kozi fupi, amepata kazi hospitalini, familia nzima imeshukuru. Anakabidhiwa funguo za chumba cha mafaili, kiti na kalamu. Wenzake wa wodini wanaelezwa habari za chanjo, glovu na namna ya kunawa, lakini yeye mara nyingi huambiwa, "Wewe hushiki wagonjwa." Maneno haya tumeyasikia zaidi ya mara moja. Wanaoyasema si watu wabaya, ila wanakosea. Mwongozo wa taifa wa kukinga na kudhibiti maambukizi, ambao Wizara ya Afya iliutoa mwaka 2004 na kuutengeneza upya mwaka 2018, unamhusu kila afanyaye kazi mahali pa tiba, siyo daktari na muuguzi peke yao.

KARATASI INABEBA NINI?

Mtu anaweza kusema kwamba karatasi ni kitu kikavu, viini vya ugonjwa vitaishije juu yake? Mwaka 2011 watafiti wa Ujerumani walichapisha majibu ya jaribio walilofanya juu ya jambo hili. Walichukua aina nne za vijidudu vinavyopatikana mara kwa mara hospitalini, wakavipaka kwenye karatasi na kuviacha. Waliona kwamba baadhi vilikuwa hai hata baada ya siku saba. Tena waliona kwamba vinaweza kutoka katika mkono wa mtu mmoja, kuingia karatasini, na kutoka hapo kuingia katika mkono wa mtu mwingine.

Hata hivyo tusitishike kupita kiasi. Kijidudu kilicho kwenye ngozi nzima ya mkono hakijamdhuru mtu bado. Kinahitaji njia ya kuingia mwilini: mdomo, pua, macho, au mchubuko. Na hapa ndipo penye desturi moja ambayo tungependa iachwe kabisa katika ofisi zetu, tena siyo za hospitali tu, hata za parokia na shule. Ni ile ya kulamba kidole ili kufunua kurasa. Karani mwenye mafaili 200 ya kupanga kwa siku moja anaweza kukipeleka kidole mdomoni mara mamia. Kila anapolamba, anaonja kilichokuwa juu ya meza ya wodi, juu ya kitanda, na katika mkono wa kila aliyelishika faili lile kabla yake. Ndugu yake na desturi hiyo ni kuweka kalamu mdomoni wakati wa kufikiri, na kula andazi juu ya rejista saa nne asubuhi. Kwa magonjwa ya kuhara, na kwa kipindupindu ambacho mkoa wetu wa Mara unakijua vema, njia hii ya mkono kwenda mdomoni ndiyo njia kuu. Wakati wa mlipuko, mgonjwa anayeletwa huku akihara na kutapika hushikwa na ndugu zake, na ndugu hao hao ndio wanaokuja mbio dirishani kuandikisha jina.

Sponji iliyolowa maji ndani ya kisahani, ile iliyotumika zamani posta na benki, inatosha kabisa kulowesha kidole. Bei yake ni ndogo.

Jambo la pili ni damu. Tumewahi kuona, katika hospitali moja ambayo hatutaitaja, chupa ndogo ya damu imefungwa ndani ya fomu yake ya maabara kwa mpira, mithili ya karanga za kuuza. Chupa ikivuja, fomu ndiyo inayolowa, kisha fomu hiyo inakaushwa na kubandikwa kwa pini katika faili. Wiki moja baadaye karani anapanga mafaili, pini inamchoma kidole. Hapo ngozi imetobolewa, na hatari iliyo kubwa ni ya homa ya ini aina ya B. Virusi vya homa hii vinaweza kubaki na nguvu nje ya mwili kwa muda usiopungua siku saba, hata katika damu iliyokauka ambayo jicho halioni sawasawa. Wataalamu wanakadiria kwamba vinaambukiza mara 50 hadi 100 zaidi ya virusi vya UKIMWI. Mtu anaweza kuishi navyo miaka mingi bila dalili, halafu ini likaharibika au kupata saratani.

Jambo la kushukuru ni kwamba homa ya ini B ina chanjo. Watoto wetu hapa Tanzania walianza kupewa chanjo hii katika kliniki mwaka 2002. Maana yake ni kwamba karani aliyezaliwa kabla ya hapo hakuipata utotoni, isipokuwa aliitafuta mwenyewe baadaye. Mtu mzima huchomwa mara tatu: ya kwanza, ya pili baada ya mwezi mmoja, na ya tatu miezi sita baada ya ile ya kwanza. Wengi huchoma mbili na kuisahau ya tatu. Mzazi mwenye mtoto anayefanya kazi hospitalini, hata kama kazi yake ni kuandika tu, amwulize: umeshachoma ya tatu?

Na je, UKIMWI? Tumeulizwa swali hili mara nyingi, kwa hiyo tujibu waziwazi. Hakuna mtu anayepata virusi vya UKIMWI kwa kushika faili, kadi, kalamu au kiti cha mwenye virusi. Virusi hivi hudhoofika upesi vikiwa nje ya mwili. Mafaili ya kliniki ya tiba na matunzo, ile ijulikanayo kama CTC, huwekwa katika kabati la peke yake kwa ajili ya kutunza siri na kufuatilia dawa, si kwa sababu karatasi zake zina sumu. Karani anayeyashika kwa ncha za vidole huku amekunja uso hajikingi na kitu chochote. Anamwumiza mgonjwa anayemwangalia kupitia dirishani, na pengine mgonjwa huyo hatarudi kuchukua dawa.

HEWA YA DIRISHANI

Tumezungumza sana juu ya karatasi. Lakini tukiulizwa ni hatari ipi iliyo kubwa kuliko zote kwa mtunza kumbukumbu wa Musoma, Bunda au Butiama, hatutataja karatasi. Tutataja kifua kikuu, na kifua kikuu hakienezwi na faili. Faili halikohoi. Anayekohoa ni mgonjwa aliyelileta.

Mkoa wetu una sababu zake za kuwa macho. Wapo vijana wanaochimba dhahabu katika machimbo madogo ya Buhemba na kwingineko, na vumbi la mwamba wanalovuta huharibu mapafu na kufungulia mlango kifua kikuu. Wapo wavuvi wanaolala wengi katika kibanda kimoja kwenye kambi za ziwani. Bunda iko kwenye barabara kuu itokayo Mwanza kwenda Musoma na Sirari, na magari yanashusha na kupakia watu usiku na mchana. Mtu anayekohoa kwa wiki mbili au zaidi, anayetoka jasho usiku na kukonda, atafika siku moja kwenye dirisha la kadi. Siku hiyo hana jina la ugonjwa wake wala hajaanza dawa. Akishapata dawa sahihi, uwezo wa kuambukiza hupungua sana baada ya muda si mrefu, naye daktari anajua ni mgonjwa wa namna gani. Kwa hiyo karani anakutana na mgonjwa katika saa mbaya kuliko zote.

Sasa tutazame dirisha lenyewe. Mara nyingi ni tundu dogo kwenye ukuta au kwenye kioo. Wakati wa UVIKO-19, uliotangazwa kuingia nchini mwetu Machi 2020, sehemu nyingi ziliongeza vioo na karatasi za plastiki. Nia ilikuwa njema. Lakini kibarazani kuna kelele, watoto wanalia, karani hasikii. Basi mgonjwa anainama na kuuweka mdomo wake palepale tunduni, naye karani anasogeza sikio. Nyuma ya karani chumba hakina dirisha jingine, au lipo lakini limezibwa na rafu ili mafaili yasiibwe wala yasilowe mvua. Hewa inaingia lakini haina pa kutokea. Viini vya kifua kikuu vinaweza kuelea katika hewa ya chumba kama hicho kwa saa kadhaa, na karani amekaa humo tangu saa moja na nusu asubuhi hadi alasiri.

Dawa yake ya kwanza haina gharama kubwa: ni hewa na jua. Dirisha la nyuma lifunguliwe, na kama kuna hofu ya wezi liwekewe nondo na wavu. Kiti cha karani kiwekwe mahali ambapo upepo unampitia yeye kwanza ndipo umfikie mgonjwa, wala si kinyume chake. Musoma mjini tunao upepo wa ziwa kila mchana ambao hatuununui, na ni ajabu kuona ofisi iliyo karibu na maji imefungwa kila upande. Kisha mgonjwa anayekohoa asikae foleni ndefu pamoja na wengine ndani. Aketishwe nje kwenye kivuli, apewe barakoa au aambiwe azibe mdomo kwa kitambaa, na aandikishwe mapema. Wengine hunung'unika wakiona amepitishwa mbele yao. Hawajui kwamba wanaokingwa kwa kupitishwa kwake ni wao wenyewe.

USIKU MMOJA HUKO LACOR

Wapo watakaosema kwamba, kama hatari ziko hivi, heri karatasi zote zichomwe. La hasha. Tusikilize habari moja kutoka kwa jirani zetu wa Uganda.

Karibu na mji wa Gulu, kaskazini mwa Uganda, ipo hospitali ya Kanisa Katoliki iitwayo Mtakatifu Maria, Lacor. Mapema Oktoba 2000 wanafunzi wa uuguzi wa hospitali hiyo walianza kufa kwa ugonjwa usioeleweka. Mganga mkuu wake, Dokta Matthew Lukwiya, alikuwa Kampala masomoni. Aliitwa, akarudi mara moja. Usiku ule yeye na Sista Maria Di Santo waliketi wakapekua mafaili ya wagonjwa waliokuwa wamekufa karibuni, moja baada ya jingine. Walipata wagonjwa 17 wenye dalili zinazofanana. Hakuna mtu mmoja aliyekuwa amewaona wote 17 kwa macho yake na kuunganisha habari zao. Waliounganishwa ni kwa karatasi. Dokta Lukwiya alifungua wodi ya kuwatenga wagonjwa kabla hata majibu ya maabara hayajarudi kutoka Afrika Kusini. Majibu yalipokuja, yalikuwa Ebola. Uganda nzima walipatikana wagonjwa 425 na kati yao 224 walikufa, na kama si usiku ule pengine wangekuwa wengi zaidi. Yeye mwenyewe aliambukizwa akamhudumia muuguzi wake, akafariki tarehe 5 Desemba 2000. Wafanyakazi wengine wa Lacor zaidi ya kumi walikufa katika mlipuko huo.

Tunaisimulia habari hii kwa sababu mbili. Ya kwanza, mafaili yale yalipatikana usiku uleule kwa kuwa kuna watu walioyaandika vizuri na kuyapanga mahali pake. Kazi ya masjala ni kazi ya kuokoa roho za watu, ingawa hakuna mgonjwa anayerudi kumshukuru karani. Ya pili, Ebola ilitufundisha kwamba karatasi nayo ina mipaka yake. Mwaka 2014 na 2015, katika mlipuko mkubwa wa Afrika Magharibi, karatasi yoyote iliyoingia ndani ya eneo la wagonjwa haikuruhusiwa kutoka. Wauguzi walisimama kwenye uzio na kusoma habari za mgonjwa kwa sauti, na mwenzao wa upande wa pili aliziandika upya. Baadaye ilitengenezwa kompyuta ya mkononi inayoweza kutumbukizwa katika maji ya klorini.

Mambo haya hayako mbali nasi. Machi 2023 ugonjwa wa Marburg, ndugu yake Ebola, ulitokea Bukoba, ng'ambo ya ziwa letu. Waliougua walikuwa tisa, waliokufa sita, na miongoni mwa walioambukizwa walikuwamo wahudumu wa afya. Mwaka 2025 ulirudi tena mkoani Kagera, safari hii Biharamulo. Kwa mabasi na mashua, Kagera na Mara si mbali.

KARANI AFANYE NINI?

Kwanza anawe mikono. Tumelisema hili katika kila makala hadi wasomaji wamechoka, lakini kwa karani tuna neno la kuongeza: tunamshauri asikae siku nzima na glovu. Tumewaona wanaofanya hivyo kwa kudhani wamejikinga. Glovu iliyoshika mafaili 100, kitasa, simu na kisha uso ni mkono mchafu usiooshwa, na ni mbaya zaidi kwa vile mwenyewe haoni haja ya kunawa. Glovu zivaliwe pale tu penye damu, matapishi au uchafu wa mwili, kisha zivuliwe, zitupwe, na mikono inawe. Kunawa kwa sabuni kukamilike katika sekunde 40 hadi 60, yaani kwa mwendo usio wa haraka kama wa kusali Baba Yetu na Salamu Maria. Anawe kabla ya kula, baada ya kupanga mafaili yaliyotoka wodini, baada ya choo, na kabla ya kwenda nyumbani kumbeba mtoto.

Faili lililoingia damu lisirudishwe rafuni kimyakimya. Wala halimwagiwi dawa ya klorini, kwani wino utapotea pamoja na habari za mgonjwa. Liwekwe ndani ya mfuko wa plastiki, mkuu wa kitengo aarifiwe, kurasa zilizochafuka zinakiliwe na mtu aliyevaa glovu, mwingine ahakikishe kwamba zimenakiliwa sawasawa, na zile za zamani zifuate njia ya taka za hatari kwa utaratibu wa hospitali. Damu iliyodondoka mezani ni jambo jingine: hiyo hufutwa kwa klorini. Kwa Jik iliyoandikwa asilimia 3.5, kipimo ni kikombe kimoja cha Jik kwa vikombe sita vya maji, na iachwe dakika kumi kabla ya kupangusa.

Akichomwa na pini yenye damu, asikamue kidole wala kukinyonya. Aoshe kwa maji mengi na sabuni, kisha aende kwa mkuu wake siku ileile. Zipo dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI zinazotakiwa kuanza mapema iwezekanavyo, na zisipite saa 72. Hutumiwa kwa siku 28. Wengi huona haya kwamba watacheka wenzao, "Karani amechomwa na karatasi!" Acheni wacheke. Ajali hiyo iandikwe, kwa kuwa tangu mwaka 2015 upo Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, nao hauwezi kufanya kitu bila maandishi.

Kuhusu chumba chenyewe, hospitali nyingi za Tanzania zimefundishwa ule utaratibu wa S tano kutoka Japani: Sasambua, Seti, Safisha, Sanifisha, Shikilia. Masjala ndipo mahali pa kuonja matunda yake. Mafaili yaliyorundikwa sakafuni ni nyumba ya panya na mende. Kabla ya kufagia vumbi na mavi ya panya, palowanishwe kwanza, vinginevyo anayefagia atavuta vyote mapafuni. Na sasa kwa kuwa hospitali nyingi zinaandikisha wagonjwa kwa kompyuta, tusidhani kwamba tatizo limekwisha. Vibonye vya kompyuta hushikwa na vidole vilevile vilivyopokea cheti, tena na watu wa zamu tatu, na ni wachache wanaokumbuka kuvipangusa.

SISI TULIO NJE YA DIRISHA

Mengi yanayomwambukiza karani tunayaleta sisi. Mama mwenye mtoto mgongoni, mfuko mkono mmoja na fedha mkono wa pili, huishika kadi kwa meno, halafu anaipitisha dirishani ikiwa na mate. Baba anatoka maabara na kikopo cha makohozi akiwa amekifunika kwa cheti. Kadi ya kliniki imewekwa kapu moja na samaki wa asubuhi. Hatufanyi haya kwa ubaya. Lakini kadi ikiwa na mfuko wake wa plastiki, mkavu, usiowekwa kitu kingine, mambo haya mengi yanakwisha, na kadi yenyewe inadumu hadi mtoto aanze shule. Anayekohoa ageuzie uso kando ndipo ajibu maswali ya karani. Mwenye kikohozi cha wiki mbili amwambie karani mapema, bila kuficha. Uchunguzi na dawa za kifua kikuu katika nchi yetu hutolewa bure. Na karani akisema, "Sogea nyuma kidogo, baba," tusione kwamba ametudharau.

Jambo la mwisho ni juu ya matoleo. Kila tarehe 11 Februari tunaadhimisha Siku ya Wagonjwa Duniani, aliyoianzisha Papa Yohane Paulo II mwaka 1992. WAWATA na jumuiya ndogo ndogo huenda hospitali na sabuni, sukari na matunda, na vyote hivyo hupelekwa wodini. Katika miaka yote tuliyoshiriki, hatujaona hata mche mmoja wa sabuni ukiachwa kwenye dirisha la kadi. Safari ijayo, kabla ya kununua, mwenyekiti wa jumuiya amwendee muuguzi mkuu amwulize chumba cha mafaili kimepungukiwa na nini. Anaweza kutaja ndoo yenye koki na beseni, au sponji na kisahani chake. Na inawezekana kabisa akasema wanahitaji fundi wa nusu siku, wa kuisogeza rafu moja iliyoziba dirisha.